Chumba Kwanza, Spika Baadaye

Nina ugomvi na spika kubwa. Si ugomvi wa mtu asiyependa muziki. Ni ugomvi wa mtu anayeupenda, na ambaye amechoka kuukuta umeharibiwa katika sebule za watu waungwana, tena kwa fedha zao wenyewe. Najua nitawaudhi jamaa zangu kadhaa, kwa maana katika miji yetu spika imekuwa kama gari: humwonyesha jirani umefikia wapi katika maisha. Lakini jambo linalowatenga watu ndani ya nyumba zao halifai kunyamaziwa kwa ajili ya adabu.

Dai langu ni jepesi kueleza. Mtu anayenunua spika hanunui sauti yote atakayoisikia. Ananunua nusu yake tu. Nusu ya pili anayo tayari nyumbani, nayo ni kuta, sakafu, dari na madirisha yake. Asiyeijua nusu aliyo nayo hawezi kuichagua nusu anayoitafuta. Kwa hiyo chumba kitazamwe kwanza, na spika ifuate. Sisi tunafanya kinyume. Tunanunua kwa kutazama ukubwa wa boksi na wingi wa wati, kisha tunarudi kukilazimisha chumba kikubali.

Tuanze basi na chumba. Sebule ya kawaida ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa imejengwa kwa matofali ya saruji, ikapigwa lipu na kupakwa rangi. Sakafu yake ni saruji iliyosuguliwa, au terazo, au vigae. Madirisha ni vioo. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kinachonywa sauti kwa kiasi cha maana. Simama katikati ya chumba kama hicho kabla ya kuingiza vyombo, upige kofi moja. Utasikia kofi lako likirudi, likarudi tena, na mwisho likalia kama bati. Kila neno litakalotoka katika spika yako litafanyiwa vivyo hivyo.

Haya si maoni yangu, ni elimu ya zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, huko Marekani, kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara katika jumba la sanaa la Fogg, na wasikilizaji waliokaa humo hawakuweza kumfuata msemaji. Kazi ya kutafuta dawa alipewa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine. Aligundua kuwa neno moja likishatamkwa lilibaki likivuma ukumbini kwa sekunde 5 na nusu hivi. Kwa hiyo msemaji alikuwa akitamka maneno mapya juu ya maneno ya zamani ambayo bado hayajafa. Sabine akaazima mito ya viti vya ukumbi mwingine, akawa anaihamisha usiku, anapima, kisha anairudisha kabla ya asubuhi. Kutokana na kazi hiyo alipata kanuni inayotumika hadi leo: chukua ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.161, kisha gawanya kwa kiasi cha sauti kinachonywewa na vitu vyote vilivyomo. Jibu ni sekunde ambazo sauti itaendelea kuvuma. Kwa elimu hiyo alishauri ujenzi wa ukumbi wa muziki wa Symphony Hall, mjini Boston, uliofunguliwa mwaka 1900 na ambao unasifiwa mpaka sasa.

Kinachonivutia zaidi katika habari hii ni kipimo alichokichagua. Alipotaka kusema kitu fulani kinanywa sauti kiasi gani, alikilinganisha na dirisha lililo wazi. Sauti itokayo dirishani hairudi tena, kwa hiyo mita moja ya mraba ya dirisha wazi ilihesabiwa kuwa imeinywa sauti yote iliyoifikia. Mtu wa nchi ya baridi alitumia kwa kipimo kitu ambacho sisi, watu wa joto, tulikuwa nacho kila siku bila kukithamini.

Tufanye hesabu, msomaji, maana hesabu haina upendeleo. Chukua sebule ya mita 5 kwa 4, yenye kimo cha mita 3. Ujazo wake ni mita 60. Kuta, sakafu na dari, ukizijumlisha, ni mita za mraba 94. Tuseme saruji hiyo inanywa asilimia 3 tu ya sauti inayoifikia. Chumba kikiwa kitupu na kimefungwa, sauti itavuma kwa zaidi ya sekunde 3. Fungua madirisha ya mita za mraba 3, na muda huo unapungua hadi nusu. Sasa ingiza makochi mazito, zulia, mapazia yenye mikunjo na watu wanne, na unaweza kufika karibu nusu sekunde, ambapo maneno yanasikika yote na muziki haujakauka. Katika hesabu yote hiyo hatujagusa spika. Chumba kimebadilika mara sita au saba, na hakuna spika duniani itakayokufanyia kazi hiyo.

Wazee wetu walijenga vyumba vilivyokuwa na huruma kwa sikio, ingawa nia yao ilikuwa kivuli na hewa. Paa la makuti halirudishi sauti kama zege linavyoirudisha. Ukuta wa udongo hauna ugumu wa saruji. Katika nyumba za mawe za Unguja na Lamu, kuta zenye zidaka zilizopangwa kwa safu huivunja sauti na kuitawanya, badala ya kuirudisha kwa mkupuo kama ukuta mtupu. Sisemi turudi kwenye makuti. Nasema tumebadilisha nyumba zetu tangu msingi hadi paa bila kujiuliza masikio yetu yatakaa wapi. Na sasa tunaongeza madirisha ya alumini na kiyoyozi, tunafunga hata lile dirisha la Sabine, na tunabaki ndani ya chupa.

Ndani ya chupa hiyo ndipo tunapoingiza spika kubwa. Na hapa lazima niseme juu ya duka. Niliwahi kusimama katika duka moja la Kariakoo, kijana akaniwashia mtambo wenye boksi mbili zinazonifika kifuani. Akaniambia, "Mzee wangu, hii ukiifungulia inatikisa nyumba nzima." Nikamjibu, "Mwanangu, nyumba yangu sitaki itikisike." Alicheka, nami nikacheka, lakini jibu langu halikuwa mzaha. Pale dukani mtambo ule ulisikika mtamu kweli. Sababu yake ilikuwa wazi kwa anayetazama: duka limejazwa makatoni hadi darini, na upande mzima wa mbele uko wazi kwa barabara. Makatoni yanavunja sauti, mlango unaitoa nje. Mnunuzi anapenda kile alichokisikia, analipa, anakipakia kwenye teksi, kisha anakwenda kukifungulia katika chumba cha vigae. Akisikia kelele badala ya muziki anadhani ameuziwa kitu kibovu. Spika ni ile ile. Kilichobaki Kariakoo ni makatoni.

Kisha kuna hizi wati. Miaka ya tisini redio za kaseti na mitambo midogo ilikuja imeandikwa PMPO, na mbele yake tarakimu za maelfu. Hicho si kipimo kilichokubaliwa na chombo chochote cha viwango. Kila mtengenezaji aliandika alichopenda, na mtambo wenye nguvu halisi ya makumi ya wati uliweza kubandikwa maelfu. Desturi hiyo haijafa, imebadili mavazi tu. Mnunuzi ajue mambo mawili. La kwanza, kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio hukitambua bila kushtuka. Ili sauti ionekane kuwa maradufu huhitaji wati mara kumi hivi. La pili, spika nyingi za nyumbani, zikipewa wati moja tu, hutoa desibeli 85 hadi 90 kwa mtu aliye umbali wa mita 1. Mazungumzo ya kawaida ni desibeli 60 hivi. Wati moja, katika sebule ya saruji, yatosha kukatiza mazungumzo. Wati elfu unazitaka za nini? Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, na sisi tunalipa zaidi ili debe livume zaidi.

Tatizo kubwa kuliko yote ni besi, kwa sababu ndiyo inayopendwa. Sauti nzito ina mawimbi marefu. Sauti husafiri mita 345 hivi kwa sekunde, na chumba huchagua mapigo yanayolingana na urefu wake na kuyavimbisha. Ukitaka kujua pigo la kwanza linalochaguliwa, gawanya 345 kwa urefu wa chumba mara mbili. Sebule yetu ya mita 5 kwa 4 kwa 3 itavimbisha mapigo ya karibu 35, 43 na 58 kwa sekunde. Hayo angalau yametawanyika. Sasa chukua chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi, ambacho maelfu ya vijana wetu wanakiita nyumbani, na kimo chake nacho ni futi kumi. Urefu, upana na kimo vyote ni mita 3. Pande zote tatu zinachagua pigo moja, la karibu 57. Uzi wa A wa gitaa la besi, ukipigwa bila kubanwa, hutoa mapigo 55. Kwa hiyo mpigaji wa besi wa Mlimani Park au wa Msondo akipita karibu na noti hiyo, chumba kizima kitaruka juu. Akihamia noti nyingine, atapotea. Kijana anasema, "Besi inapiga!" Kinachopiga ni noti moja, na anayeipiga ni chumba. Ustadi wa mwanamuziki, aliyeipanga mistari yake noti kwa noti, umefutwa.

Katika chumba hicho spika kubwa au sabufa ni sawa na kumwaga mafuta juu ya moto. Inafika chini sana, pale hasa chumba kinapovimba, na kwa kuwa chumba ni kidogo huwekwa pembeni, mahali ambapo kuta mbili na sakafu husaidiana kuiongeza besi. Spika ndogo nzuri, yenye wufa ya inchi 5, ambayo nguvu yake huanza kupungua kwenye mapigo 60 au 70, itasikika safi zaidi humo, kwa sababu haikichokozi chumba panapouma. Watu husikia haya wakadhani ninawashauri maskini waridhike na kidogo. La hasha. Ninawashauri wasilipie zaidi ili kupata kibaya zaidi.

Wapo pia wasomi wetu, ambao hawadanganywi na PMPO. Wao husoma majarida ya Uingereza na Marekani na kuagiza kilichosifiwa. Nawaheshimu, lakini nao nina neno nao. Mwandishi wa jarida hilo mara nyingi amesikiliza katika chumba chenye zulia la ukuta kwa ukuta na makochi mazito. Wa Marekani, mara nyingi, kuta zake ni mbao zilizobandikwa bodi za jasi, na bodi za namna hiyo hutikisika kidogo na kuinywa sehemu ya besi. Tofali letu la saruji halitikisiki. Linarudisha kila lilichopewa. Spika aliyoiita "yenye joto" huko itavuma hapa kama mtungi, na ile aliyoisifu kwa ukali wa noti za juu itatoboa masikio juu ya vigae vyetu. Sifa alizoandika ni za kweli. Ni za kweli kwa chumba chake.

Msomaji anaweza kuuliza, kwa nini nalifanya jambo hili kuwa kubwa? Nyumba zina shida ya maji, karo na umeme, nami nazungumzia mwangwi! Nitajibu. Muziki wetu ni muziki wa maneno. Taarabu ni mashairi kabla ya kuwa vinanda. Nyimbo za dansi zilizotungwa Dar es Salaam ni visa, maonyo, barua na mashtaka. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, santuri zile zilisikilizwa kwa gramafoni zisizo na besi yoyote ya kutajwa, lakini maneno yake yalisambaa pwani nzima na watu wakayashika kwa moyo. Leo tuna vyombo vinavyoweza kutoa sauti kamili, na watu wanacheza wimbo mwaka mzima bila kujua unasema nini. Wimbo uliotungwa kumwonya mume mlevi unapigwa kwenye harusi, na hakuna anayeshtuka, kwa sababu hakuna aliyesikia.

Na kuna watu ndani ya nyumba. Mtu anapozeeka hupoteza kwanza sauti za juu, ambazo ndizo zinazobeba s, f, t na k, yaani zile zinazotenganisha neno na neno. Chumba chenye mwangwi humwonea yeye kabla ya wengine. Katika nyumba ya jamaa yangu mmoja, baada ya sebule kutiwa vigae na spika mpya kusimamishwa pembeni, bibi wa nyumba ile aliacha kukaa sebuleni wakati wa taarifa ya habari. Wajukuu walisema bibi amekuwa mkimya siku hizi. Nilimkuta amekaa uani kwenye mkeka na redio ndogo ya betri, anafuata kila neno. "Kule ndani wanapiga kelele tu, baba," aliniambia. Bibi hakuwa kiziwi. Alikuwa amefukuzwa sebuleni na vigae na sabufa, na hakuna aliyejua kuwa amemfukuza.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Wa kwanza atasema sisi ni watu wa jumuiya, muziki wetu ni wa kusikilizwa na mtaa mzima, na huyu mzee anataka kutufanya Wazungu wa kujifungia. Nakubali kwamba ngoma ni ya uwanjani. Uwanjani hakuna ukuta wa kurudisha, na kila umbali ukizidi mara mbili sauti hupungua desibeli 6, kwa hiyo spika kubwa zina kazi ya halali huko. Ziacheni zifanye kazi huko. Anayeupeleka uwanja chumbani hawapi majirani muziki, kwa sababu kinachopita ukutani ni ile besi tu. Jirani mwenye mtoto mgonjwa hasikii wimbo wako. Anasikia dum, dum, dum hadi usiku wa manane. Ujirani gani huo?

Wa pili atasema haya ni mambo ya wenye fedha. Ni kinyume chake. Mkeka na zulia nene juu yake, pazia zito lenye mikunjo, kabati la vitabu lililojaa, godoro lililosimamishwa pembeni mchana: vyote hivyo jumla yake huweza kuwa chini ya bei ya sabufa moja, na vingine unavyo tayari. Nitahadharishe tu kwamba trei za mayai, ambazo vijana wanazibandika ukutani wakiamini ni dawa, hazisaidii besi hata kidogo, na sauti nyingine huzisaidia kwa uchache sana. Sauti nzito huzuiwa na kitu kinene.

Wa tatu, mtu wa leo, atasema spika za kisasa zina akili ya kompyuta ndani, zinapima chumba na kujirekebisha. Ni kweli zinaweza kupunguza noti inayovimba, na ni msaada mzuri. Lakini hakuna kompyuta inayoweza kuuambia ukuta wa saruji usilirudishe neno lililokwisha kutoka.

Basi anayetaka kununua na afanye hivi. Apige kofi nyumbani kabla ya kwenda dukani. Apime chumba chake kwa futi au mita, na akikuta pande zinalingana ajue besi itakuwa adui. Atengeneze chumba kwanza kwa vitu vizito na laini, hasa upande unaokabili spika. Kama spika lazima ikae karibu na ukuta, achague ile ambayo boksi lake limefungwa kabisa au tundu lake liko mbele, maana yenye tundu nyuma huhitaji nafasi. Asizipandishe spika juu ya kabati hadi darini, moja ikielekea jikoni na nyingine mlangoni. Azitenge kwa umbali unaokaribia ule wa kutoka kwenye kila spika hadi kwenye kiti chake, na twita ziwe usawa wa masikio ya aliyekaa. Dukani aende na wimbo anaoujua maneno yake yote, amwombe muuzaji apunguze sauti mpaka waweze kuzungumza, kisha asikilize kama maneno bado yapo. Spika inayohitaji kupigiwa juu ili ipendeze haitapendeza nyumbani. Tena amwombe muuzaji, wakikubaliana, aijaribu kwake kwa siku moja. Anayekiamini anachokiuza hataona taabu.

Akishaiweka nyumbani, asiite vijana wa mtaa waje kuisifu. Amwite mtu mzee kuliko wote nyumbani, amketishe kwenye kiti kizuri, ampigie wimbo mmoja kwa sauti ya chini, kisha amwombe amwambie unasema nini.